Mikono Inayofungua Barua: Nasaha kwa Wakubwa wa Ofisi na Watu wa Masjala

Katika kila ofisi yenye anwani yake kuna chumba kimoja, aghalabu kidogo na chenye joto, ambamo mambo yote ya nje huingia kwa njia ya bahasha: ankara na hundi, maombi ya kazi na malalamiko, mialiko na hati za mahakama, magazeti na vitabu vya zawadi. Humo huketi karani wa masjala na tarishi wake, watu wa mishahara ya chini, ambao majina yao hayaandikwi juu ya mlango wowote. Na wakubwa wengi hupita mbele ya chumba hicho mwaka hata mwaka pasipo kutambua kwamba huo ndio mlango wa pili wa ofisi yao, na kwamba mlango huo hauna askari. Tangu tarehe 7 Agosti 1998, balozi za Marekani zilipolipuliwa Nairobi na Dar es Salaam asubuhi moja, majengo mengi ya miji yetu yamejizoeza kukagua magari kwa vioo vya chini na kuwapitisha wageni katika fremu za kugundulia chuma. Lakini tarishi arejeapo kutoka posta, mfuko begani, mlinzi humpungia mkono apite, kwa kuwa ni mwenzetu, na kwa kuwa anachokibeba ni karatasi tu.

Makusudi ya makala hii ni kueleza jinsi ya kuulinda mlango huo pamoja na watu waketio nyuma yake. Neno langu kubwa, ambalo mengine yote ni matawi yake, ni hili: jina lililo juu ya bahasha ni la mkubwa, lakini vidole vinavyoifungua ni vya mdogo, na ofisi isiyompa mdogo huyo maarifa, nafasi na mamlaka ya kusema "hiki sikifungui", haijajilinda, hata ikiwa imezungushiwa ukuta na waya wa umeme.

Asiyesadiki kwamba karatasi huua na asikilize habari ya Dar es Salaam. Tarehe 3 Februari 1969 Dakta Eduardo Mondlane, rais wa FRELIMO, chama kilichokuwa kikipigania uhuru wa Msumbiji na chenye makao yake katika mji huo, alichukua barua zake akaenda nazo kwenye nyumba ya rafiki huko Oysterbay. Miongoni mwake kulikuwa na kitabu kilichofungwa kama vitabu vyote vinavyofungwa vikipelekwa posta, naye alipokifungua kikalipuka, kikamwua. Miaka 13 baadaye, tarehe 17 Agosti 1982, Ruth First, mwandishi na mwanachuoni wa Afrika Kusini aliyekuwa uhamishoni, alifungua kifurushi ofisini mwake mjini Maputo, ndani ya chuo kikuu kilichopewa jina la Mondlane huyo huyo, akafa, na waliokuwa naye chumbani wakajeruhiwa. Tarehe 19 Oktoba 1986 mhariri Dele Giwa aliuawa nyumbani kwake Lagos kwa kifurushi kilicholetwa kwa mkono. Tarehe 28 Aprili 1990, Nelson Mandela akiwa amekwisha toka gerezani na watu wengi wakidhani kwamba siku za mauaji zimepita, Kasisi Michael Lapsley alifungua magazeti mawili ya dini aliyopelekewa Harare, akapoteza mikono yote miwili na jicho moja. Kitabu, kifurushi, magazeti ya dini: katika kila kisa adui aliliacha umbo la kutisha, akatwaa umbo ambalo mpokeaji alilizoea na kulipenda.

Yamkini msomaji atasema kwamba hao walikuwa watu wa siasa na kalamu, wenye mahasimu wanaojulikana, ilhali ofisi yake yeye yauza mabati au yakopesha wakulima fedha za mbegu, na hakuna awezaye kuionea uadui wa kiasi hicho. Lakini uadui hauchungui anwani sawasawa. Nchini Marekani mtu mmoja, Ted Kaczynski, alituma au kutega mabomu 16 baina ya mwaka 1978 na 1995, akaua watu 3 na kujeruhi 23. Na katika hao wamo walioumia kwa barua za wengine. Mwezi Mei 1982, katika Chuo Kikuu cha Vanderbilt, kifurushi chenye jina la profesa kilifunguliwa na katibu wake, na katibu ndiye aliyejeruhiwa. Mwezi Aprili 1995, mjini Sacramento, kifurushi chenye jina la mkuu aliyekwisha ondoka katika chama cha biashara ya misitu kilifunguliwa na yule aliyeshika nafasi yake, naye akafa kwa uadui uliokusudiwa mwingine.

Lipo tukio kubwa kuliko hayo, nalo lastahili kusimuliwa kwa kituo. Mwezi Septemba na Oktoba 2001 barua zenye unga wa mbegu za kimeta, maradhi ambayo wafugaji wetu wa kaskazini wanayajua kwa ng'ombe na kondoo wao, zilitiwa posta katika jimbo la New Jersey, zikaelekezwa kwa watu wa habari mjini New York na kwa maseneta wawili mjini Washington. Barua ya Seneta Tom Daschle ilifunguliwa tarehe 15 Oktoba, na siku hiyo hiyo watumishi wa Seneti wakaanza kupewa dawa. Lakini kabla ya kufika huko barua ile ilikuwa imepita katika jumba la kuchambulia barua la Brentwood, ambamo mashine huzibana bahasha baina ya mikanda na kuzipitisha kwa maelfu kila saa. Kila bahasha ilipobanwa ilipumua, na vumbi jembamba kuliko unga wa ngano likapenya katika vitundu vya karatasi visivyoonekana kwa macho, likaelea hewani mle walimokuwa watu wa zamu. Wataalamu wa siku zile walidhani kwamba bahasha iliyofungwa haivujishi kitu. Kwa hiyo jumba likaendelea na kazi hata tarehe 21, na kufikia tarehe 22 wafanyakazi wake wawili, Thomas Morris na Joseph Curseen, walikuwa wamekwisha fariki. Jumba lilikaa limefungwa zaidi ya miaka miwili, na leo lina majina yao. Kwa jumla watu 22 waliugua na 5 wakafa. Na katika wale ambao majina yao yaliandikwa juu ya bahasha zilizopatikana, hakufa hata mmoja.

Hapo ndipo penye funzo. Dawa ilikuwako na madaktari walikuwako. Kilichokosekana ni insafu ya kuhesabu kwamba barua iliyomtisha seneta ilikuwa imepita kwanza katika pumzi za mchambuzi. Ofisi yoyote ikipatwa na shaka juu ya barua, swali la kwanza na liwe hili: imepita kwa nani kabla ya kufika hapa? Naye huyo, awe tarishi, mlinzi wa mlangoni au mfagiaji aliyemwaga kikapu cha taka, apewe habari na tiba saa ile ile anayopewa mkurugenzi.

Tuje sasa kwenye matendo, tuanze na chumba chenyewe. Masjala nzuri ya kupokelea barua hukaa pembeni mwa jengo, karibu na mahali zinaposhushwa bidhaa, na ukuta wake mmoja uwe wa nje. Isikae chini ya ngazi kuu ambayo watu wote wataihitaji siku ya kukimbia, wala jirani na jiko, wala mlango kwa mlango na chumba cha mtunza fedha. Iwe na mlango mmoja unaofungika kwa ufunguo na dirisha au kaunta ya kupokelea, ili waletao vitu wasiingie ndani. Meza ya kufungulia iwe tupu, maana juu ya meza iliyosheheni majalada ya mwaka juzi, vikombe vya chai na chaja za simu, kitu kigeni hakionekani kuwa kigeni. Feni ya dari na kiyoyozi viwe na swichi karibu na mlango, mtu aweze kuvizima akitoka. Na kama kiyoyozi cha jengo ni kimoja kinachosambaza hewa vyumba vyote, fundi na aulizwe namna ya kuitenga masjala, kwa sababu vumbi linalomwagika hapo asubuhi laweza kuwa ghorofa ya tatu kabla ya adhuhuri. Mwishowe pawe na maji ya bomba na sabuni, ndani au hatua chache tu kutoka mlangoni. Hayo yote hayahitaji mitambo ya gharama. Mengi yataka kuhamisha makabati na kutia akili.

Jambo la pili ni njia za kuingilia. Desturi ya nchi zetu ni kwamba barua haziletwi mlangoni bali hufuatwa katika sanduku la posta. Tarishi hufika na ufunguo wake, hufungua kijilango cha chuma, huchota bahasha zilizobanana pamoja na kikaratasi cha kuarifu kwamba kuna kifurushi kaunta, hupanga foleni, hutia sahihi, hufunga mfuko na kupanda daladala. Njia hiyo ina baraka yake, kwa kuwa macho ya watu wa posta yamekwisha pita juu ya mzigo. Lakini ufunguo wa sanduku usitundikwe msumarini kila mtu autwae, wala mfuko usiachwe kitini tarishi anapokunywa uji. Njia zilizozidi siku hizi ni nyingine: bodaboda aliyetumwa na asiyemjua, mzigo uliopakiwa katika basi la mkoani na kufuatwa stendi, kampuni za vifurushi, na mgeni "aliyeombwa tu afikishe". Kanuni yangu hapa ni fupi: njia zote na ziishie katika kaunta moja. Mlinzi wa getini asipokee kitu kwa niaba ya mtu, katibu wa mkurugenzi asipokee kitu kwa hisani, na kila kiingiacho kiandikwe daftarini tarehe na saa, kimetoka wapi, kimeletwa na nani, ni cha nani, na nani amekichukua. Daftari hilo likiandikwa kwa uaminifu, siku ya maafa litawaonyesha polisi katika dakika moja habari ambayo bila yake ingetafutwa kwa wiki.

Daftari nalo lahitaji kusaidiwa na wakubwa. Anayetarajia kifurushi na awaarifu watu wa masjala mapema. Anayenunua viatu mtandaoni na avipokee kwake nyumbani, asiifanye ofisi kuwa ghala. Na kila mtumishi anayehama au kustaafu, jina lake lipelekwe masjala siku ile ile, ili kitu chenye jina lake kitengwe na kuulizwa kabla ya kufunguliwa na mrithi wa kiti chake. Kisa cha Sacramento chatosha kuwa ushahidi wa jambo hilo dogo.

Tatu ni kutazama. Karani mwenye uzoefu huijua barua ya kawaida jinsi muuza samaki anavyomjua changu wa jana, na ujuzi huo ndio mali ya kwanza ya masjala. Kazi ya mafunzo ni kuutia majina tu. Na atazame kama stempu zimezidi kiasi kinachohitajika, kana kwamba mtumaji aliogopa kupimiwa mzigo mbele ya karani wa posta. Kama hakuna jina la mtumaji, au lipo lakini muhuri wa posta ni wa mji mwingine. Kama jina la mpokeaji limekosewa, au amepewa cheo asichokuwa nacho. Kama kumeandikwa "siri" au "afungue mwenyewe" katika barua ya mtu asiyejulikana. Kama gundi, utepe na kamba vimetumika kupita haja. Kama uzito umeelemea upande mmoja, au bahasha ni ngumu isiyokunjika. Kama kuna waya, kitobo, doa la mafuta, harufu ngeni au unga kwenye mishono. Alama moja peke yake si hoja, kwani bibi wa kijijini pia hukosea majina na kubandika stempu nyingi kwa kuwa zilibaki. Lakini alama mbili au tatu zikikutana katika kitu kisichotarajiwa na mtu yeyote, asimame hapo hapo, kwani mdharau mwiba mguu huota tende. Namna nyepesi ya kuondoa shaka ni simu: mpokeaji aulizwe kama anakitarajia, na mtumaji, kama yupo, aulizwe kama amekituma. Simu hiyo ipigwe kutoka chumba kingine, na kitu kisihamishwe wakati jibu linasubiriwa.

Nne ni namna ya kufungua, na hapa kuna mazoea mabaya yaliyoenea. Watu wengi huchana bahasha kwa kidole, wakaipanua, wakapuliza ndani ili karatasi ijitenge, kisha wakaigeuza juu chini na kuikung'uta, uso ukiwa umeinama karibu nayo. Katika vitendo hivyo mtu amekwisha pokea usoni na kifuani kila kilichokuwamo. Na afungue kwa kisu cha barua, akate ukingo mrefu taratibu, bahasha ikiwa imelala juu ya meza mbali na uso, achungulie kwanza, kisha aivute karatasi nje. Asipulize wala asikung'ute. Glavu nyembamba zisizo za kitambaa zafaa, hasa kwa mwenye kidonda mkononi, lakini haziondoi wajibu wa kunawa kwa sabuni kazi ikiisha. Pasiliwe wala kunywewa kitu juu ya meza hiyo. Barua zote zifunguliwe mahali pamoja, kwa wakati maalumu wa asubuhi, na bahasha zisitupwe mpaka barua zake ziwe zimesomwa, maana mara nyingi barua hutisha katika maneno yake baada ya bahasha, iliyokuwa ushahidi wenyewe, kuchomwa moto na taka za jana.

Ikiwa shaka yaelekea kwenye mlipuko, yafaa kujua kwanza jambo hili ambalo humtuliza mwenye hofu: kilichosafiri kwa posta kimetupwa, kimerundikwa na kutikiswa siku nyingi bila kulipuka, na kwa hiyo hatari yake imo hasa katika kufunguliwa. Aliyekishika na akiweke chini polepole pale alipo, juu ya meza au sakafu, aondoke. Kilicholetwa kwa mkono au kilichookotwa mlangoni ni kingine, hakina ushahidi huo wa safari, na hakiguswi kabisa. Katika hali zote mbili yapo ya kukatazwa kwa nguvu, kwani ndiyo yanayomjia mtu mwenye moyo wa kusaidia: asikitie katika ndoo ya maji, asikifungie kabatini, asikikate kamba, asikibebe kwenda nacho uani, wala asisimame karibu nacho akikipiga picha na kupiga simu au redio ya upepo. Watoke watu wa chumba hicho, na wa vyumba vya ubavuni, juu na chini, waende mbali na kuta za vioo. Kisha polisi waitwe, kwa namba 112 Tanzania, na 999 au 112 Kenya. Aliyekiona asiende nyumbani, bali asubiri kuwaeleza askari ukubwa wake, rangi, maandishi na mahali kilipo, kwa kuwa maelezo yake huwapunguzia wao hatua za kukikaribia.

Ikiwa ni unga, kanuni hubadilika, kwa sababu mlipuko hukimbiwa lakini unga hufuatana na aliyeukimbia. Asiunuse, asiufagie, asijaribu kuurudisha ndani ya bahasha. Aufunike kwa upole kwa chochote kilicho karibu, nguo, kikapu cha taka kilichopinduliwa au mfuko wa plastiki, azime feni na kiyoyozi, atoke na kuufunga mlango, na atie kitambaa chini ya upenyo wake. Waliokuwamo wasitawanyike jengo zima kutafuta mabegi yao na kusimulia kisa, bali wakae pamoja mahali pamoja. Wanawe mikono na uso kwa maji na sabuni, si kwa dawa ya kuondolea madoa, ambayo huchubua ngozi na kuufungulia ugonjwa mlango. Nguo za juu zivuliwe zitiwe katika mfuko ufungwe, na mtu aoge mara apatapo nafasi. Majina ya wote waliokuwamo, na ya wote walioigusa bahasha tangu sanduku la posta, yaandikwe papo hapo. Kimeta cha mapafu hakiambukizwi kutoka mtu hadi mtu, na dawa zake hufaa sana zikianzishwa mapema. Kwa hiyo hakuna sababu ya kumtenga mwenzetu kama mwenye balaa, wala ya kununua vidonge dukani kwa kubahatisha, bali ipo sababu kubwa ya kufika kwa daktari siku ile ile.

Barua za vitisho, zisizo na unga wala waya ila maneno tu, ndizo nyingi kuliko zote, na aghalabu huharibiwa na udaku: barua husomwa na mmoja, ikapita kwa kumi, ikapigwa picha na kurushwa katika makundi ya simu, hata polisi waipatapo ina alama za vidole vya idara nzima. Aliyeifungua na aishike pembeni, aitie pamoja na bahasha yake katika mfuko safi, aandike saa aliyoipokea, ampe mkuu wa ulinzi peke yake. Kadhalika yule mteja afikaye kaunta akifoka kwa mkopo aliokataliwa au mwanawe aliyekosa nafasi: karani asibishane naye, asitoke nyuma ya kaunta yake, na awe na kengele au namna nyingine ya kumwita mwenzake bila kupaza sauti. Neno alilolisema, hasa likiwa la kuahidi shari, liandikwe pia, kwa sababu barua ya mwezi ujao yaweza kuwa na mwandiko wa hasira ya leo.

Nimekwisha sema chumba, njia, macho na mikono. Limebaki lililo gumu kuliko hayo, nalo ni madaraka. Mafunzo hutolewa na kusahauliwa, glavu hununuliwa na kuisha, lakini karani asiye na amri mkononi atafungua tu, kwa kuwa simu ya katibu muhtasi imelia mara mbili, na kwa kuwa mara iliyopita alipochelewesha kifurushi aliitwa mwoga. Mwezi Oktoba 2001 serikali ya Kenya ilitangaza kwamba barua iliyotoka Marekani kuja Nairobi imekutwa na kimeta, na vipimo vya baadaye vikaonyesha kwamba haikuwa nacho. Watu waliogopa bure, lakini hakuna aliyedhurika kwa uangalifu ule, na hivyo ndivyo mashaka mengi yatakavyokwisha: unga utakuwa wa wanga, na kifurushi cha kutisha kitakuwa saa ya ukutani aliyoletewa mhasibu. Ofisi inayocheka siku hiyo imejifundisha kunyamaza siku ya kweli. Anayesimamisha kazi kwa shaka ya haki na ashukuriwe mbele ya wenzake, hata ikiwa jengo lote lilisimama juani saa mbili kwa ajili ya saa ya ukutani.

Wala hili si hisani ya mwajiri tu. Sheria za usalama na afya mahali pa kazi, ya Tanzania ya mwaka 2003 na ya Kenya ya mwaka 2007, zimemwekea mwajiri wajibu wa kumlinda mtumishi wake; na Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, wamkinga na adhabu mfanyakazi aliyejiondoa katika kazi ambayo kwa sababu ya haki aliiona ina hatari kubwa iliyo karibu. Karani anayeweka kifurushi chini na kutoka nje anatumia haki yake, na mkubwa anayemwamuru arudi akifungue ndiye aliyevunja taratibu.

Kwa ofisi ndogo, yenye watu watano na tarishi mmoja ambaye pia huchemsha chai, sehemu kubwa ya haya yawezekana kwa gharama ya daftari, kisu cha barua, sabuni na mifuko ya plastiki. Ofisi kubwa na ziongeze mazoezi mara mbili kwa mwaka, yafanywe na kila mtu pamoja na wa kushika zamu mwenzake akiugua au kwenda likizo, kwa sababu hatari haitazami orodha ya zamu. Tena mazoezi yaanze na swali rahisi aulizwe mkurugenzi mwenyewe: akiletewa habari kwamba kuna kitu cha shaka masjala, atatoa amri gani kwanza, na amri hiyo itamfikia nani wa mwisho? Kama wa mwisho ni tarishi, mpango wote na urudiwe kuandikwa.

Nawausia wakubwa, basi, watende jambo moja kabla ya wiki hii kwisha. Wakae masjala asubuhi moja tangu mfuko unapofika hata bahasha ya mwisho inapokatwa, waone kwa macho yao hewa, meza, mlango na mikono. Kisha waandike katika karatasi moja, kwa lugha ambayo kila mtu wa chumba hicho aisoma, kwamba mtumishi yeyote wa masjala ana ruhusa ya kukataa kufungua kitu chochote anachokitilia shaka, hata kikiwa na jina la mkurugenzi juu yake, na kwamba hataulizwa kwa ukali wala kukatwa mshahara kwa kufanya hivyo. Waitie sahihi na muhuri, waibandike ukutani juu ya meza ya kufungulia, na siku itakapotumiwa kwa mara ya kwanza, hata kama ni kwa kosa, waiheshimu.